Nani Mwenyeji, Nani Mgeni? Kuisoma Picha ya Mtakatifu Erasmo na Mtakatifu Morisi

Wanaume wawili wamesimama uso kwa uso. Wa kushoto ni askofu: kasula (vazi la juu la ibada) ya nyuzi za dhahabu, kofia ndefu ya kiaskofu iliyosheheni vito, glavu mikononi, na juu ya glavu pete. Wa kulia ni askari mweusi, Mwafrika, aliyevaa deraya ya fedha inayong'aa toka shingoni hadi miguuni, na kichwani ana taji la vito. Nyuma ya askofu anachungulia mzee wa Kanisa mwenye mvi. Nyuma ya askari kuna wenzake, wamesongamana na silaha zao. Kwingine ni giza. Hakuna malaika, hakuna mbingu iliyofunguka, hakuna anayepiga magoti. Watu wawili wanazungumza, basi.

Picha hii ni ya Matthias Grünewald, mchoraji wa Kijerumani, na aliichora kati ya mwaka 1520 na 1524 hivi kwa rangi za mafuta juu ya ubao. Leo iko Munich, katika jumba la sanaa la Alte Pinakothek. Ubao una urefu wa sentimita 226 na upana wa sentimita 176, kwa hiyo hao wawili wana kimo cha watu halisi. Askofu ni Mtakatifu Erasmo, askari ni Mtakatifu Morisi. Wengi wakiiona kwa mara ya kwanza huuliza: huyu mtu mweusi amefikaje hapa, katikati ya Ujerumani ya miaka 500 iliyopita? Ni swali la haki, ila naona linaelekezwa kwa mtu asiye wake. Ukiifuatilia picha hii hatua kwa hatua utakuta kwamba Morisi yuko kwake. Anayepaswa kuulizwa amefikaje ni askofu.

Tuanze na vitu, maana picha za watakatifu huanza kusomwa kwenye vitu kabla ya nyuso. Mchoraji wa zama zile hakuwa na haja ya kuandika majina. Petro alijulikana kwa funguo zake, Katarina kwa gurudumu, Laurenti kwa chuma cha kuchomea nyama. Mara nyingi kitambulisho cha mfiadini ni kile kile kilichomuua, na sasa anakibeba mwenyewe kama mtu anayebeba nishani.

Tazama basi anachoshika Erasmo. Ni mhimili mwembamba, kama ule wa kuvingirishia kamba, na umezungushiwa kitu laini chenye rangi ya nyama. Ni utumbo wake. Masimulizi yanasema kwamba Erasmo alikuwa askofu wa Formia, kusini mwa Roma, akauawa karibu na mwaka 303 wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano, na kwamba watesi walimpasua tumbo wakauvuta utumbo kidogokidogo wakiuvingirisha kwenye mtambo. Ndiyo maana Wakristo wa Ulaya walimwomba walipoumwa tumbo, na wakamhesabu katika kundi la watakatifu 14 wasaidizi walioombwa nyakati za dhiki.

Hapa pana jambo la kuvutia. Masimulizi ya kale zaidi ya Erasmo hayana habari hiyo ya utumbo. Alichokuwa nacho tangu mapema ni urafiki na mabaharia: inasemekana aliendelea kuhubiri huku radi zikipiga kando yake, na mpaka leo ule mwanga wa umeme unaoonekana kwenye ncha za milingoti wakati wa dhoruba huitwa kwa jina lake la pili, moto wa Mtakatifu Elmo. Mlinzi wa mabaharia alichorwa akiwa na kifaa cha mabaharia, yaani mtambo wa kuvutia nanga na kamba. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba watu wa bara, wasiojua mambo ya meli, waliiona ile kamba iliyovingirishwa wakajiuliza inamhusu nini mfiadini, na jibu walilolipata ndilo hilo la kutisha. Picha ndiyo iliyozaa hadithi. Kwa anayejifunza kusoma sanaa ya dini hili ni la kushika, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba siku zote hadithi hutangulia na mchoraji hufuata nyuma.

Wachoraji wengine walilichora tukio lenyewe. Mfaransa Nicolas Poussin, aliyelichorea Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma mwaka 1628, alimlaza Erasmo chali huku wauaji wakifanya kazi yao. Grünewald hakufanya hivyo, na si kwa kuogopa damu. Huyu ndiye aliyechora altare ya Isenheim, ambayo leo iko Colmar, yenye Kristo msalabani aliyejaa vidonda mwili mzima, vidole vimekakamaa kwa maumivu. Angetaka kutuonyesha mateso, angetuonyesha. Hapa ameamua kwamba mateso yamekwisha. Erasmo ameshika chombo cha kifo chake kwa utulivu ule ule ambao angeshika fimbo ya kiaskofu, na nguo yake haina hata doa.

Morisi naye ana habari ndefu. Aliyeiandika ni Eukerio, askofu wa Lyon katika karne ya 5, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya tukio analolisimulia. Anasema kulikuwa na kikosi cha askari 6,600 wa jeshi la Roma kilichotoka Thebe, kusini mwa Misri, wote Wakristo, na kiongozi wao ni Morisi. Karibu na mwaka 286 Kaisari Maksimiano aliwaleta hadi kwenye milima ya Alpi, mahali palipoitwa Agaunum, wakaamriwa kuwashambulia Wakristo wenzao. Wakakataa. Akauawa mmoja katika kila kumi. Wakakataa tena, wakauawa tena vivyo hivyo, hadi kikosi kizima kikateketezwa. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha simulizi hili kilitokea kweli, lakini mahali penyewe papo, nchini Uswisi, na mji unaitwa Saint-Maurice, na abasia iliyoanzishwa pale mwaka 515 ingali inaishi.

Kwa karne nyingi Morisi alichorwa kama askari yeyote wa Ulaya, mweupe. Kilichobadilisha sura yake kilitokea Magdeburg, mashariki mwa Ujerumani. Mfalme Otto wa Kwanza alianzisha pale monasteri ya Mtakatifu Morisi mwaka 937, na mwaka 968 mji ukawa makao ya askofu mkuu. Morisi akawa mlinzi wa jimbo lile, na pia mlinzi wa dola nzima ya wafalme wa Kijerumani. Kanisa kuu la zamani liliungua mwaka 1207. Katika lile jipya, karibu na mwaka 1240 au 1250, mchonga mawe ambaye jina lake halikuhifadhiwa alimchonga Morisi upya: mtu mweusi, mwenye sura ya Kiafrika isiyo na shaka, amevaa deraya ya minyororo ya chuma iliyomfunika kichwa ikiuacha uso wazi. Sanamu hiyo ingalipo, ingawa sehemu ya miguu imepotea. Ukiuangalia uso wake huoni dhihaka wala kichekesho. Ni uso wa mtu mzima aliyeona mengi, na mchongaji amemheshimu.

Kwa nini hapo na wakati huo? Jina lenyewe lilichangia, kwa kuwa Mauritius katika Kilatini linakaribiana na neno la kumtaja mtu wa Mauretania, Mwafrika. Thebe ya Misri nayo ilichangia. Sababu moja ya kumaliza ubishi haipo. Kilicho wazi ni matokeo: kutoka Magdeburg, Morisi mweusi alienea katika makanisa ya mashariki na kaskazini mwa Ujerumani, na watu wakamzoea akiwa mweusi, kama wanavyomzoea Petro akiwa na ndevu. Mji wa Coburg uliweka kichwa chake kwenye nembo yake. Mwaka 1934 Wanazi walikiondoa wakaweka upanga wenye alama yao, na mwaka 1945 kichwa kikarudishwa. (Kisiwa cha Mauritius, kwa wanaojiuliza, hakihusiani naye moja kwa moja. Waholanzi walikipa jina la kiongozi wao, Maurits wa Nassau, mwaka 1598.)

Kwa hiyo Grünewald alipomchora Morisi mweusi hakuwa anabuni jambo geni. Alimchora kama watu wa jimbo lile walivyomjua kwa karibu miaka 300.

Sasa turudi kwenye mkutano wenyewe. Erasmo alifia Italia, Morisi alifia milimani Uswisi miaka kama 17 kabla yake. Hakuna simulizi hata moja linalosema waliwahi kuonana. Wasanii wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwakusanya watakatifu wa nyakati tofauti katika picha moja, kwa kawaida wakiwa wamemzunguka Bikira Maria, kila mmoja kimya na kitambulisho chake. Lakini hapa Bikira Maria hayupo, na hawa wawili si wa kupangwa tu ukutani. Midomo ya Morisi iko kama ya mtu aliye katikati ya maneno, na mkono ameunyoosha kama anayefafanua jambo. Mtu aliyewakutanisha alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo haimo katika maisha ya watakatifu. Inabidi tuulize picha ililipiwa na nani.

Aliyelipa yumo ndani ya picha. Uso wa Erasmo ni uso wa Albrecht wa Brandenburg. Hili halihitaji kubahatisha, kwa sababu Albrecht alichongwa kwenye bamba la shaba na Albrecht Dürer mara mbili, mwaka 1519 na mwaka 1523, na ukiziweka picha hizo kando ya Erasmo unayaona mashavu yale yale yaliyojaa na kidevu kile kile. Kama bado una shaka, shuka na macho hadi upindo wa vazi la askofu, chini kabisa. Imetariziwa pale nembo ya Albrecht.

Alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1490 katika ukoo wa watawala wa Brandenburg. Mwaka 1513 akawa askofu mkuu wa Magdeburg, mwaka uliofuata akawa pia askofu mkuu wa Mainz, na mwaka 1518 akawa kardinali. Sheria ya Kanisa haikuruhusu mtu mmoja kukusanya majimbo namna hiyo bila kibali maalumu, na kibali kilikuwa na gharama. Albrecht alikopa kwa matajiri wa Augsburg, familia ya Fugger, na ili deni lilipike yakaendeshwa katika majimbo yake mauzo ya vyeti vya rehema, yaani vyeti vya kumpunguzia mtu adhabu ya dhambi zake, nusu ya mapato ikienda kwenye ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Mhubiri wa vyeti hivyo aliyevuma zaidi ni Johann Tetzel. Na mtu aliyeandikiwa barua tarehe 31 Oktoba 1517 na Martin Luther, mtawa aliyeyapinga mauzo hayo, pamoja na zile hoja zake 95, ni huyu huyu Albrecht. Anayemwangalia Erasmo wa Grünewald anamwangalia mtu aliyepelekewa mashtaka ya kwanza ya Matengenezo ya Kanisa, vuguvugu lililozaa makanisa ya Kiprotestanti.

Miaka michache baadaye Albrecht alikuwa anajenga jibu lake mjini Halle, katika jimbo lake la Magdeburg, alikopenda kukaa. Mwaka 1520 alianzisha pale kanisa jipya lenye jopo la mapadri wakanoni, akalijaza michoro, vyombo vya dhahabu na masalia ya watakatifu, yaani mabaki ya miili yao na vitu vyao. Mkusanyo wa masalia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba katalogi iliyochapishwa mwaka huo huo ilihesabu rehema, yaani punguzo la adhabu, za zaidi ya miaka milioni 39 kwa muumini atakayeyazuru yote ipasavyo. Mwaka 1521 Luther aliandika kwa hasira dhidi ya Halle akiiita sanamu ya kuabudiwa. Picha yetu ilichorwa kwa ajili ya kanisa hilo, katika miaka hiyo hiyo. Ni vigumu kuiangalia kwa uaminifu bila kusikia kelele hizo nje ya fremu.

Katika hazina ya Halle kulikuwa na kitu kimoja kinachofungua nusu ya pili ya picha: sanamu ya Mtakatifu Morisi, kubwa, ya fedha, ambayo ndani yake yalihifadhiwa masalia. Haipo tena. Tunaijua kwa sababu vyombo vya hazina ile vilichorwa kimoja kimoja kwa rangi katika kitabu cha mkono kilichohifadhiwa mpaka leo Aschaffenburg, na humo yumo Morisi, mweusi, katika deraya ya fedha yenye mapambo, na vito kichwani. Ndiye Morisi wa Grünewald. Mchoraji hakutafuta askari wa kukaa mbele yake ili amchore. Alikwenda kwenye sanamu ambayo waumini wa Halle waliiona siku za sikukuu, akaitia pumzi.

Nawaomba wasomaji wakae kidogo na jambo hili, maana ndilo kiini cha picha. Kushoto tuna mtu aliye hai aliyevishwa mavazi ya marehemu: Albrecht ndani ya Erasmo. Kulia tuna kitu kisicho na uhai kilichofanywa kiseme: fedha iliyogeuka nyama. Angalia deraya ilivyochorwa, jinsi mwanga unavyoteleza juu ya mabega na kuvunjikavunjika kwenye viungo vya magoti, ubaridi wa chuma unaousikia kwa macho. Halafu panda hadi usoni, ambako rangi inakuwa laini na yenye joto, na jicho linamtazama mwenzake moja kwa moja. Mpaka kati ya chombo cha hazina na mtu uko pale shingoni, na Grünewald ameuvusha bila kuonyesha mshono. Kwa muumini wa Halle aliyeamini kwamba mtakatifu yumo kweli katika masalia yake, hiki hakikuwa kiini macho. Kilikuwa imani yake imewekwa rangi.

Sasa tunaweza kuuliza ni mkutano wa namna gani. Wako wanaouona kama mapatano ya mamlaka mbili: Kanisa na upanga, askofu na askari, wakikubaliana kuilinda imani katika wakati wa vurugu. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu kundi la silaha nyuma ya Morisi na mzee wa Kanisa nyuma ya Erasmo yanagawa picha sawasawa na mgawanyo huo. Wengine wanasikia majadiliano, kwamba mmoja anatetea nguvu na mwingine anatetea upole. Hili linanishawishi kidogo, kwa kuwa Morisi wa simulizi ni askari aliyekufa kwa kukataa kutumia upanga. Kumfanya mtetezi wa nguvu ni kumsahau.

Mimi naisoma picha kwa swali ambalo kila aliyelelewa katika Kiswahili huuliza akiona watu wawili wamekutana mlangoni: nani mwenyeji, nani mgeni? Morisi alikuwa katika jimbo lile karibu miaka 600 kabla ya Albrecht. Kanisa kuu la Magdeburg ni lake pamoja na Mtakatifu Katarina. Hata ngome ya maaskofu wakuu mjini Halle, iliyoanza kujengwa mwaka 1484, inaitwa Moritzburg, ngome ya Morisi. Albrecht aliishi ndani ya jina lake. Erasmo ndiye mtakatifu ambaye Albrecht mwenyewe aliisukuma heshima yake pale Halle. Kwa hiyo anayefika ni askofu, na amekuja amejipamba kwa dhahabu kama mgeni ajuaye kwamba atatazamwa. Anayempokea ni Mwafrika mwenye deraya, ambaye amesimama na watu wake nyuma yake, na ndiye anayeongea kwanza. Kijana wa ukoo wa Brandenburg, mwenye madeni na maadui, alihitaji kukaribishwa na mlinzi wa zamani wa mahali pale. Alilipa ili akaribishwe kwenye ubao, akiwa amevaa sura ya mfiadini.

Kwa usomaji huu rangi ya Morisi inapata maana iliyo kinyume na ile tunayoitarajia leo. Si alama ya ugeni. Kwa Mjerumani wa Halle ndiyo ilimtambulisha kuwa Morisi wao, wa Magdeburg, si Morisi wa mahali pengine popote. Sisemi kwamba Ulaya ile iliwaheshimu Waafrika waliokuwa hai. Biashara ya Wareno ya watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi ilikuwa imekwisha kuanza, na heshima kwa mtakatifu haikumlinda mtu aliyekuwa melini. Yote mawili yalikuwepo katika karne moja, na picha nzuri haituruhusu kuchagua moja tu.

Kuna kishawishi kimoja cha mwisho, nacho kinamhusu mchoraji. Grünewald, ambaye jina lake halisi lilikuwa Mathis na jina hili tunalolitumia alipachikwa kimakosa na mwandishi wa mwaka 1675, aliacha kumtumikia Albrecht karibu na wakati wa vita vya wakulima wa Kijerumani dhidi ya mabwana wao, mwaka 1525, akafia Halle mwaka 1528. Katika vitu alivyoacha yaliorodheshwa maandiko ya Luther. Kwa hiyo wapo wanaoutazama utajiri wote ule wa vazi la Erasmo wakisema mchoraji alikuwa anamsuta bwana wake kwa siri. Sikubaliani nao. Mtu anayesuta huacha sehemu fulani ikiwa legelege, na hapa hakuna sehemu legelege. Kila lulu ya kofia imechorwa kwa subira ile ile iliyouchora uso wa Morisi. Inawezekana kabisa alisoma Luther usiku na kuichora dhahabu ya Albrecht kwa moyo wote mchana. Watu wengi wa miaka ile waliishi hivyo, kabla pande hazijafungwa.

Halle yenyewe ilichagua upande. Mwaka 1541 Albrecht aliondoka na alichoweza kubeba, na mwaka huo huo Justus Jonas, rafiki wa Luther, akaanza kuhubiri mjini. Hazina ikatawanyika, na Morisi wa fedha akayeyushwa. Ubao ulihamishiwa Aschaffenburg na baadaye sana ukafika Munich, ambako Morisi angali amenyoosha mkono, na Erasmo, utumbo wake mkononi, bado hajajibu.